Lango la Baba na Neno Nililolizuia

Bura, nyumbani kwa Baba,
Taita Taveta.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Hillary,

Pokea salamu zangu za mlimani, na uzipokee ukiwa umeketi. Hujambo? Mkono unaendeleaje? Binti yako Cynthia aliniambia plasta imetolewa, lakini bado vifungo vya shati vinakushinda. Uukande kwa maji ya moto yenye chumvi asubuhi na jioni, hata kama daktari wa huko atakucheka. Mama alitukanda hivyo hivyo na hakuna kati yetu aliyekua na kiungo kilichopinda, isipokuwa kichwa chako.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Goti la kushoto linanisumbua ninapoteremka kwenda mtoni, kupanda halisemi neno. Sukari yangu imetulia tangu nilipoacha chai tamu, ila tangu niache chai tamu sina raha ya asubuhi, kwa hiyo sijui kama nimepona au nimeadhibiwa.

Najua utashangaa kuona karatasi siku hizi za simu. Rayhana, binti wa Mwinyihaji mwenye duka la vitambaa kule Voi, anarudi chuoni huko kwako Edmonton mwisho wa mwezi huu, naye amekubali kunibebea. Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu wewe hukata maneno, mimi hupandisha sauti, na mwisho tunaulizana hali ya hewa kama watu waliokutana kituoni. Nina jambo ambalo nataka ulisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Huku bado ni kiangazi. Mvua za vuli hazijatoa hata dalili, ukungu unashuka asubuhi na kupanda tena bila kutuachia chochote. Kabeji zangu zimesimama kwa sababu ya zamu yetu ya maji ya Jumamosi tu. Ndizi za nyuma ya nyumba zimebeba vizuri, zile alizopanda Mama, na kila mkungu ukikomaa nafikiri nani atazila zote.

Sasa nikuelezee jambo lililonifanya nishike kalamu. Mjukuu wangu Daisy, unayemjua kwa picha tu, yuko Gredi ya Nane. Mwalimu wao wa Kiswahili aliwapa kazi ya nyumbani: kila mtoto achague neno moja la kazi za kwao, aeleze maana yake ya kawaida, kisha aeleze maana ya ndani, yaani jinsi watu wanavyolitumia wakiwa wanazungumzia mambo mengine kabisa. Daisy akachagua lango la maji. Akaniketisha mlangoni na daftari lake kama polisi anayeandikisha ushahidi.

Lango lenyewe unalijua kuliko mimi, lakini acha nikuandikie nilivyomwambia, maana nilipokuwa nikisema niliona kila kitu. Maji ya kijito cha juu hukusanyika ndani ya bwawa letu dogo, lile ambalo babu zetu walilichimba kwa majembe na kulikandika udongo. Bwawa lina mdomo upande wa chini. Mdomoni pamesimama nguzo mbili za saruji zenye mifuo, na kati ya mifuo hiyo kimeshushwa kibao cha mti mgumu. Ukikiinua, maji yanateremka mferejini mpaka mashambani. Ukikishusha, yanakoma. Daisy akaandika mistari miwili, akachora na picha, akaona amemaliza. Nikamwambia bado, hujasema vidole vitatu.

Vidole vitatu ndiyo ilikuwa elimu yote ya Baba. Kibao huinuliwa kwanza kimo cha vidole vitatu vilivyolazwa. Unangoja maji yafike shamba la mwisho, mfereji ulowane na nyufa zake zijizibe, ndipo unaongeza hadi kiganja. Mfereji uliokauka ukipewa maji yote kwa mara moja hubomoka. Baba aliweza kusimama pale langoni nusu saa nzima, mikono nyuma, akisikiliza tu. Alisema maji yakifika mwisho mlio wake hubadilika. Mimi nimesikiliza miaka kumi na miwili sasa na sijausikia huo mlio hata mara moja, huwa namtuma mtu akaangalie.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikimbia mbele ya maji? Kazi yetu ilikuwa kuondoa majani na vijiti mferejini kabla ulimi wa maji haujafika. Ulikuwa na povu la rangi ya chai ule ulimi, umebeba sisimizi na maganda ya njugu, ukija polepole, halafu ghafla ukikimbia kwenye mteremko, nasi tukikimbia nao tukipiga kelele. Wewe na kaptula yako ya shule yenye viraka viwili nyuma. Na ile harufu ya udongo mkavu unapoonja maji ya kwanza! Sijui kama huko kwenye theluji mnayo. Mimi naisikia kila Jumamosi, na kila Jumamosi nasimama kidogo, nina miaka tisa, sina goti bovu, na Mama yuko hai.

Maana Mama alikuwa akitungoja kule chini na sufuria ya kimanga, ule muhogo wake aliouponda na maharagwe mpaka ukawa laini. Mtoto aliyefika pamoja na maji, yakimlamba visigino, ndiye aliyepewa ukoko. Ulikuwa ukinisukuma kwenye migomba ili ufike wewe. Nina kovu kwenye kiwiko, nikilitazama natamani urudi unisukume tena.

Halafu nikamweleza Daisy habari ya kutasa. Baba hakuinua kibao hata siku moja bila kuinama kwanza na kuchota maji kwa kiganja. Aliyatia kinywani, kisha akayapuliza yakatawanyika hewani, huku akisema kwamba kama moyoni mwake kuna hasira juu ya mtu yeyote, itoke na maji hayo, isiteremke kwenye shamba la mtu. Kisha akaomba heri. Daisy aliniuliza kama kanisa linaruhusu. Nikamwambia Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Alisema Mungu hamlaumu mtu anayetema hasira, humlaumu anayeimeza na kuitunza.

Basi tukafika kwenye maana ya ndani, na hapo tulicheka sana. Mtu asiyetunza siri, huku kwetu si tunasema lango lake linavuja? Anayenuna siku tatu bila kusema kisa, kibao kimeshuka. Mzazi akimruhusu mmoja kukosa shule leo, na kesho nyumba nzima ikaamka na maumivu ya tumbo, watu husema kazidisha vidole vitatu. Obadiah jirani, ambaye siku hizi ndiye mtunza lango, alikuwa akipita na ng'ombe wake. Akasema kutoka nje ya ua, "Andika pia ya kwamba mke wangu aliumbwa bila kibao." Mkewe alikuwa nyuma yake. Nadhani alilala njaa.

Kicheko kilipoisha Daisy akaniuliza swali la mtoto mwenye akili. "Nyanya, lango ni la baba yako, bwawa lilichimbwa na watu wa kwetu, mbona mtunzaji ni Mzee Obadiah?"

Nikamsimulia, Hillary. Ameshafika umri wa kujua, na sikutaka aje kusikia kwa watu wenye chumvi nyingi. Nilimwambia kwamba mwaka wa elfu mbili na tisa jua lilitupiga mpaka kijito kikawa uzi. Kwamba Jumapili moja mchana zamu ilikuwa ya Wanza, mjane wa shamba la chini, na watu wote walikuwa kanisani, naye Wanza akiwa anangoja ibada iishe ndipo afunguliwe maji. Kwamba vitunguu vyetu vilikuwa vimelala chini kama nywele za mgonjwa, na wewe, ambaye ndiwe uliyevipanda, hukuvumilia kuvitazama. Ulienda langoni peke yako. Hukuwa mwizi. Ulitaka robo saa tu ya maji, kisha ushushe kibao na mtu asijue. Na kwa sababu ulikuwa na robo saa tu, hukupima vidole. Uliking'oa kibao chote.

Mfereji ulipasuka pale kwenye kona. Maji hayakufika kwenye vitunguu, yaliingia shambani kwa Wanza, yakachukua maharagwe yake na udongo wa matuta aliyoyajenga yeye na marehemu mumewe kwa miaka. Watu walipotoka kanisani walikuta bwawa tupu. Kijiji kizima kilikaa siku tisa bila zamu.

Baba alivua kofia mbele ya watu, akasema hawezi kutunza lango la wengine ikiwa hajaweza kutunza nyumba yake. Kisha akakugeukia. Daisy nilimficha maneno yenyewe, lakini mimi na wewe tunayajua. "Mkono huo usiguse lango langu tena, wala kitu chochote ninachokipenda." Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilimwona akiogopa kile alichokuwa amekisema, lakini neno lilikuwa limekwisha toka na watu walikuwa wanatazama. Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho yake ukateremka Voi kwa mkeo pale Kaloleni, mwaka ulipoisha ukapanda ndege, na hukurudi hata kumzika.

Hayo ni ya zamani. La sasa ni hili. Jumamosi iliyopita Cynthia alinijia. Amekuwa mwanamke mzuri huyo binti yako, ana paji la Mama na ubishi wako. Alikuja na Derrick wake wa Rukanga, kijana mpole, mrefu kama mlingoti, aliyekula ndizi zangu bila kuniuliza kama zimeiva, nikampenda. Arusi ni tarehe kumi na tatu Desemba, Voi. Derrick alipotoka kwenda kumsaidia Obadiah kufunga ng'ombe, mtoto akabaki nami jikoni akiniambia eti moshi unamwasha macho. Moto wenyewe ulikuwa umekwisha zima.

Akaniambia, "Shangazi, Daddy amesema hatakuja. Kwanza alisema ni kazi, nikamsukuma mpaka akaniambia ukweli." Akanieleza ulichomwambia: kwamba huwezi kumfanyia kutasa binti yako anapoolewa, huwezi kumwekea mkono kichwani, kwa sababu mkono huo baba yako aliukataa, na alikufa na hasira juu yako kifuani. Kwamba tangu siku ile hakuna ulichokishika kikakaa. Ndoa ilivunjika. Biashara ya malori ikafa. Na barafuni, ulipoanguka, kati ya mikono miwili ukavunjika ule ule. "Akasema baraka yake inaweza kunidhuru," Cynthia akasema. "Akasema nimtafute Mzee Obadiah asimame badala yake. Shangazi, mimi sitaki Obadiah."

Nilimpikia mtoto chakula, nikamsindikiza barabarani, nikarudi nikakaa mlangoni mpaka Daisy akaja kuniuliza kama naumwa. Maana wewe, Hillary, umekaa na mzigo huo miaka kumi na miwili, nami nimekaa na kamba yake mkononi.

Baba hakufa na hasira yako.

Lisome tena ukitaka. Baba hakufa na hasira yako. Aliitoa yote, mbele yangu, kwa maneno yake, akanituma nikuletee neno hilo, nami sikulileta.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi wa pili mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, wiki mbili kabla hajatuacha. Wakati huo alikuwa hali kitu ila uji. Aliamka akaniambia nimpeleke langoni. Nikamwambia hataweza. Akasema basi atatambaa, na unajua angetambaa. Tulikwenda yeye ameniegemea bega, tukipumzika kila baada ya hatua kumi, umbali ambao wewe na mimi tulikuwa tukiukimbia bila kuvuta pumzi. Obadiah alikuwa langoni. Alipotuona alitoa kofia, akaenda kusimama mbali bila kuambiwa.

Baba aliketi kwenye ukingo wa saruji. Nikamchotea maji kwa kikombe kwa sababu kiganja chake kilikuwa kinatetemeka na yote yalikuwa yanamwagika. Akanywa kidogo, akayapuliza upande wa mashariki, yakafika mbali kuliko nilivyodhani. Akasema kwa Kidawida, nami nakuandikia kwa Kiswahili ili Cynthia naye asome:

"Mwanangu Hillary, nilikuwa na hasira nawe, na hii hapa naitoa. Mkono niliouzuia nimeuachilia. Ushike jembe, jembe likubali. Ushike lango, maji yakutii. Umwekee mtoto wako kichwani, mtoto astawi na azae. Popote ulipo, hata kama ni ng'ambo ya maji, neno hili likufikie. Nami nilikuaibisha mbele ya watu kwa kulinda heshima ya kofia yangu. Kama una hasira nami, ni haki yako. Itoe, usiniachie niende nayo."

Akapuliza mara ya pili, kisha akaniambia nikupigie siku hiyo hiyo. Akasema neno la kutasa lisipomfikia mwenyewe ni sawa na maji yaliyofunguliwa juu na kuzibwa njiani, huko juu mtu anadhani amemwagilia na huko chini mtu anakufa kiu.

Nilikupigia. Huenda unakumbuka, huenda hukumbuki. Ulishika simu ukasema, "Dada, niko kazini, kama ni mambo ya hospitali tena nitapiga mimi." Ukakata. Nilikuwa nimesimama nje na beseni la matandiko ya Baba, mikono imenuka sabuni ya magadi, sijalala vizuri tangu Krismasi. Nikasema moyoni, haya, piga wewe. Hukupiga siku hiyo wala siku sita zilizofuata. Mimi nami sikupiga tena.

Kila asubuhi Baba aliniuliza, "Umempata?" Nikamjibu kwamba hupatikani. Siku ya tano niliona nimemchosha. Nikamwambia nimekupata, umelia, umeshukuru, umesema huna hasira naye. Alifunga macho akatabasamu, akaomba uji, akaumaliza. Kwa hiyo Baba alikwenda akiamini mmepatana. Wewe peke yako ndiwe uliyeachwa nje.

Hukuja mazishini, na hasira yangu ikapata sababu mpya. Nikajiambia, mtu asiyekuja kumzika baba yake anataka baraka ya nini? Mwaka ukapita, ikawa aibu kusema. Mwaka wa pili aibu ikazidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, na mimi nilijenga ukuta nikaupaka na chokaa. Uliponiambia ndoa imevunjika nilikupa pole, na pole ilikuwa ya kweli, lakini neno nililokuwa nalo lingekusaidia kuliko pole, nami nilinyamaza.

Ningeweza kuishia hapo na ukaelewa kwamba nilichoka tu. Si hivyo. Nimejichunguza wiki nzima hii. Nilipenda kuwa mtoto mmoja aliyebaki. Wewe ndiwe mvulana, wewe ndiwe ungerithi ulinzi wa lango, wewe ndiwe ambaye Baba alikutaja jina usingizini, mimi niliyemgeuza kitandani hakunitaja. Kama neno lile lingekufika ungerudi, na watu wangesema mwana mpotevu amerudi, na ng'ombe angechinjwa, nami ningekuwa jikoni. Nilipenda watu waseme Tryphena ndiye aliyemtunza mzee, mwingine alilaaniwa akaenda zake. Nakuandikia haya na nimeona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na Jumamosi zote hizo, zamu yetu ikifika, Obadiah ananipisha niinue kibao mwenyewe kwa heshima ya Baba. Ninainama, nachota maji, napuliza. Ila sisemi kitu. Ninatikisa midomo tu ili Obadiah aone. Nimemwagilia kabeji kwa midomo mitupu miaka kumi na miwili, na watu wananunua wanasema ni tamu.

Jana haikuwa hivyo. Jana nilikwenda langoni nikasema kwa sauti jina lako, na ile simu uliyoikata, na beseni, na mazishi, na jina lako lililotajwa usingizini. Nilisema yote. Obadiah alisikia kila neno na hakujifanya hakusikia. Alinishika mkono nisiteleze nilipoinuka, akaniambia, "Sasa mwandikie." Ndipo nikaja nyumbani nikararua karatasi kwenye daftari la Daisy.

Wanza bado yuko, mzee sasa, haoni vizuri lakini maharagwe yake anayajua kwa kuyagusa. Matuta yake alisaidiwa kuyajenga tena, na aliyebeba mawe mengi ni Baba mwenyewe, kila siku kwa miezi miwili, hilo nadhani hukuambiwa. Nilipomweleza kwamba Cynthia anaolewa aliuliza kama utakuja. Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie ile hasira yangu iliisha kabla hata matope hayajakauka, nilikuwa nangoja aje aniamkie tu."

Kwa hiyo huku hakuna tena anayekushikilia. Baba aliachilia, Wanza aliachilia, mimi niliachilia jana. Sasa hasira iliyobaki ni yako juu yangu, na hiyo ni halali yako, sitaki uimeze kwa ajili ya udada. Fanya hivi. Mfungie mlango kila mtu, chukua maji kinywani, sema jina langu na yote niliyokufanyia, uyateme. Kama hayatoki kwa mara moja, rudia kesho, na kesho kutwa. Una miezi mitatu mpaka arusi. Usiniambie umenisamehe ikiwa bado, mimi nimedanganya vya kutosha kwa sote wawili, nataka kati yetu sasa pawe na kweli, hata ikiwa chungu.

Lakini arusi usiingoje msamaha. Njoo umwekee mtoto mkono. Umeruhusiwa tangu Februari ya mwaka ule na aliyekuwa na haki ya kukuruhusu. Usiponipa mkono mimi, sawa. Ukiona uso wangu unakuzuia kusema maneno ya heri, nitakaa nyuma pamoja na wapishi, na sitatoka mpaka umalize. Nitayasikia kutoka huko na yatanitosha.

Daisy anakusalimu na kukuuliza kama kweli mate huganda huko kabla hayajafika chini. Obadiah na mkewe wanakusalimu, kila mmoja kivyake, hawasemezani. Wanza anakusalimu. Cynthia hajui kama nimekuandikia, nimeona usikie wewe kwanza, kisha umwambie mwenyewe kwa kinywa chako.

Mungu wa Baba na wa Mama akutie nguvu mkononi, akufikishe salama nyumbani, na neno lililochelewa likufae kama lililofika siku yake.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Tryphena